Vyura ndani ya chumba kimoja? Inawezekana, ila kuna masharti!

Najua kabisa kwamba ukishaona neno chura kwenye ukurasa huu utajiuliza kama mwandishi wako amerogwa. Kwetu chura ni wa kufukuzwa kwa ufagio. Akiingia sebuleni wakati wa masika, mama anapanda juu ya kiti, watoto wanakimbilia chumvi jikoni, na baba anajifanya yuko bize na redio.

Sasa kaa chini nikupe habari. Kuna watu duniani wanaofuga vyura ndani ya nyumba, tena wanawanunua kwa hela zao, wanawajengea bustani ndani ya sanduku la kioo na kuwawashia taa. Wenyewe huiita terariamu. Mimi naiita bustani ya kioo, maana ndivyo ilivyo. Ni udongo, majani, maji na viumbe wenyewe, vyote vimewekwa ndani ya kioo unachoweza kukiweka juu ya meza.

Na mmoja wa watu hao ni mpwa wangu mwenyewe, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Anaishi Toledo, jimbo la Ohio, kule Marekani. Januari mwaka 2014 nilikwenda kumtembelea, nikakuta baridi ya kuvunja mifupa nje, na ndani ya nyumba kukawa kunafukuta ugomvi wa mume na mke. Chanzo cha ugomvi? Vyura watatu!

CHUMBA KIMOJA, ROHO SITA

Naomba nieleze hali halisi ili usimlaumu mtu. Mpwa wangu anafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala. Yeye na mkewe walikuwa wamepanga chumba kimoja, jiko humo humo, choo pembeni. Ukinyoosha miguu ukiwa kitandani, vidole vinagusa friji. Wale wa Manzese na Tandika mnanielewa, ila kule mtu analipia hicho kijichumba hela ambayo huku angejenga msingi.

Ukuta mmoja, ule mrefu, ulikuwa umekaliwa na visanduku viwili vya kioo vya kufugia samaki, kila kimoja sentimita 76 kwa 30, vimepangwa mkia na kichwa. Humo ndimo walimokuwa wakiishi vyura watatu, wawili huku na mmoja kule, rangi yao njano na nyeusi kama nyigu. Wakubwa wake hawazidi sentimita nne hivi. Asili yao ni misitu ya Venezuela, Guyana na kaskazini mwa Brazili, lakini hawa walizaliwa mikononi mwa wafugaji huko huko Marekani.

Kasheshe lilianza mke alipofikisha mwezi wa saba. Akapima ule ukuta kwa utepe, akapima kitanda cha mtoto dukani, akarudi na jibu moja.

"Mjomba, umekuja wakati mzuri," aliniambia siku ya pili tu, hata usingizi wa safari haujaisha. "Kaa na mwanao. Huu ukuta ni wa mtoto. Hao vyura wake atajua mwenyewe pa kuwapeleka."

Mpwa wangu akainamisha kichwa. "Mjomba, siwezi kuwatupa nje. Watakufa dakika hiyo hiyo."

Na kweli. Nje palikuwa na theluji hadi magotini. Hata ingekuwa kiangazi, mnyama wa kufugwa hatupwi porini, maana anaweza kupeleka ugonjwa kwa vyura wa pale. Kumpa mtu mwingine nako si rahisi, kwani vyura wa aina hii akitunzwa vizuri mmoja huishi miaka zaidi ya kumi. Hilo ni jukumu la muda mrefu, kama mkopo wa benki.

MASHARTI YA MAMA MWENYE NYUMBA

Mimi nikafanya kazi ya mjomba. Nikamwita mke, nikamwambia, "Mwanangu, hebu taja masharti yako. Tukishindwa kuyatimiza, vyura wanaondoka, na mimi mwenyewe nitawabeba."

Akayataja bila kupepesa macho. Kwanza, ukuta mrefu uachwe mtupu. Pili, pasiwe na harufu. Tatu, pasiwe na vijinzi vinavyoruka ndani. Nne, pasiwe na maji sakafuni. Tano, pasiwe na kelele asubuhi. Sita, mtoto asije akagusa hiyo sumu yao.

Sikufichi msomaji wangu, nilidhani pale vyura wamekwisha. Lakini mpwa wangu alipochukua kalamu akaanza kuyaandika, tukagundua jambo. Yale masharti sita ya mke, matano kati yake ndiyo hayo hayo ambayo chura mwenyewe angeyataja kama angejua kusema. Sanduku linalonuka linaua chura. Sanduku linalovuja limekauka. Sanduku ambalo vijinzi vinatoroka ni sanduku ambalo chura analala njaa. Na sanduku ambalo mtoto anaweza kulifikia si salama kwa mtoto wala kwa chura.

Hapo ndipo nilipoelewa siri ya kazi hii. Nafasi ikiwa kubwa, makosa yanajificha. Ukiwa na bwawa shambani, maji yakioza upande mmoja chura anahamia upande wa pili. Ndani ya kioo hana pa kuhamia. Kwa hiyo kila kitu unachokiweka humo kiwe na kazi, na kila kazi iwe na kitu chake. Mapambo yaje baadaye.

KUJENGA KWENDA JUU KAMA KARIAKOO

Kariakoo walipoishiwa viwanja walifanyaje? Wakajenga kwenda juu. Nasi tukafanya hivyo hivyo.

Mlangoni palikuwa na kona ya viatu, sentimita 50 kwa 50. Mpwa wangu akauza vile visanduku viwili kwa makubaliano kwamba vitachukuliwa baadaye, akanunua kimoja cha kusimama, upana 45, kina 45, urefu 60, chenye milango ya kioo inayofunguka mbele. Piga hesabu mwenyewe, ni kama lita 121. Wafugaji wengi hukadiria lita 40 kwa kila chura wa namna hii, kwa hiyo watatu wanaenea, ila wa nne hana chumba. Na ni aina moja tu ya vyura. Ukichanganya makabila humo ndani, mmoja anamnyanyasa mwenzake na magonjwa yanaambukizana.

Lakini ghorofa bila sakafu ni bomba tu. Chura hawezi kutumia hewa tupu iliyo katikati. Kwa hiyo ukuta wa nyuma tuliufunika kwa magome ya mti, tukayabandika kwa gundi ya silikoni, ile isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, tukaiacha ikauke kwa siku kadhaa mpaka harufu yake ikaisha kabisa. Katikati ya magome tukatokeza vibaraza vitatu vya kupanda na kushuka. Vyura hawa wanapenda kupanda. Kila kibaraza kikawa kama chumba kingine, na anayetaka kujitenga na wenzake akapata pa kujificha. Chura asiyeonwa na mtu ndiye chura asiye na hofu, na asiye na hofu ndiye anayetoka nje umwone.

Hapo kaa ukijua uzito. Kioo, udongo na maji vikikusanyika ni zaidi ya kilo 40. Usiweke juu ya stuli ya plastiki! Tulitengeneza meza ya mbao nene, usawa wa kifua cha mtu mzima, tukaifunga ukutani kwa skrubu. Mbali na dirisha, maana jua likipiga kioo ndani panakuwa tanuri. Mbali pia na mtambo wa kupasha joto nyumba. Vyura hawa wanataka nyuzi 22 hadi 26 hivi. Zikifika 30 na kuendelea, hapo unachungulia kaburi.

CHINI KWENYE UDONGO NDIKO KWENYE KAZI

Watu wengi wakiona bustani ya kioo wanatazama maua. Mimi nakwambia tazama chini. Bustani hii haina tundu la kutolea maji kama chungu cha maua. Unapulizia maji kila siku, maji hayo yanakwenda wapi? Yakikaa kwenye udongo, mizizi inaoza, harufu ya yai viza inatoka, mke anapiga kelele, na ngozi ya chura inashika ugonjwa.

Kwa hiyo tabaka la kwanza, sentimita tano, ni vijiwe vyepesi vya udongo wa kuchoma. Maji yanashuka na kutua humo bila kugusa mizizi. Kwenye kona tukasimamisha kipande cha bomba jembamba mpaka chini. Maji yakizidi, unaingiza mpira humo na kuyavuta nje. Hakuna tone linalomwagika sakafuni.

Juu ya vijiwe tukatandaza wavu, ule ule wa madirishani wa kuzuia mbu, udongo usizame. Halafu sentimita sita za udongo wenyewe. Hapa nilicheka, maana udongo huo si udongo. Ni mchanganyiko wa magome yaliyokatwakatwa, mkaa uliopondwapondwa, majani yaliyooza ya kwenye kinamasi, na makumbi ya nazi! Yale makumbi ambayo Mafia na Tanga tunayachomea moto, kule yamesagwa, yamegandamizwa kama tofali na kufungwa kwenye karatasi ya nailoni yenye bei. Mbolea hairuhusiwi hata chembe, kwa sababu chumvi zake zinapenya ngozi ya chura.

Juu kabisa, majani makavu, yametandazwa kama mkeka. Humo vyura wanajificha na kuwinda. Na miongoni mwa majani yanayouzwa kwa kazi hiyo yamo ya mkungu. Ndiyo, mkungu huu huu wa mitaani kwetu, ambao majani yake tunayafagia kila asubuhi kwa matusi. Nilishika pakiti dukani nikaitazama bei, nikairudisha taratibu kama mtu aliyeshika yai.

Kisha tukaingiza wafanyakazi. Ni vidudu vyeupe vidogo kama punje ya chumvi, virukao, na wadudu wa kijivu wa chini ya magogo. Kazi yao ni kula ukungu, majani yaliyooza na kinyesi cha chura. Hao ndio mzee wa kupiga deki. Bustani yenye hao hainuki. Ukifungua mlango wake unapata harufu ya udongo baada ya mvua, basi. Sharti la pili likawa limetimia.

MIMEA, NA MGENI KUTOKA USAMBARA

Kwenye mimea mpwa wangu alitaka ajaze kila kitu. Nikamzuia. Nafasi ndogo, mimea minne inatosha, kila mmoja na kazi yake.

Wa kwanza ni lile ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo lililojaa kwenye maofisi ya Dar. Halifi kirahisi, na linakunywa uchafu wa maji. Wa pili ni mtambaa ukuta mdogo wa jamii ya mkuyu, wa kufunika magome. Wa tatu ni bromelia, ndugu wa nanasi. Ukitazama nanasi shambani utaona majani yake yamejipanga kama kikombe. Bromelia ndogo nayo hivyo hivyo, maji yanatuama katikati ya majani na chura anakaa humo kama mtu kwenye beseni. Tulizifunga kwenye vibaraza bila udongo, maana mizizi yake kazi yake ni kushika tu.

Wa nne ndio ulionifanya nikae chini. Mpwa wangu alinunua ua dogo la zambarau, majani yana manyoya laini. Wazungu wanalijua dunia nzima, limejaa kwenye madirisha ya mabibi vizee. Nikamuuliza, unajua hili limetoka wapi? Hajui! Limetoka kwetu, milima ya Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwao Ulaya, na mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu kwa jina la ukoo wake. Tukaliweka juu pembeni, karibu na tundu la hewa, kwa sababu halipendi majani yake yalowe.

Mimea yote tuliiosha, tukaitoa kwenye udongo wa dukani, maana huko huwa inapigwa dawa za kuua wadudu. Kisha tukangoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bustani ikishakamilika macho yanawasha, unataka kutia vyura siku hiyo hiyo. Hapana. Ngoja wiki nne hadi sita, mizizi ishike, wafagizi wazaliane, ujue unyevu unakaa vipi. Tumbo la mke linakua, mimea nayo inakua, na sisi tunahesabu siku.

MAJI, TAA NA VIJINZI

Chura hanywi kwa mdomo. Anakunywa kwa ngozi ya tumbo na mapaja. Kwa hiyo chochote kilichomo kwenye maji kinaingia mwilini mwake moja kwa moja, ikiwa ni pamoja na klorini ya bombani na sabuni ya mikononi mwako. Mpwa wangu anatumia maji yaliyochujwa, na chupa ya kupulizia ambayo haijawahi kutiwa kitu kingine. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni.

Kule wakati wa baridi mitambo ya joto inakausha hewa mpaka midomo inapasuka. Kwa hiyo mfuniko wa juu tuliuziba kwa kioo karibu wote, tukaacha ukanda mwembamba wenye wavu wa matundu madogo sana. Hewa inapita, unyevu unabaki, na kijinzi hakitoki. Kipimo cha unyevu kikatulia kwenye asilimia 80 na ushei.

Vijinzi vyenyewe ni vile vya kwenye ndizi zilizoiva sana, ila hawa wamezalishwa bila uwezo wa kuruka. Vinakuzwa kwenye kopo lenye uji wa viazi na hamira, kopo ndani ya sanduku lenye mfuniko. Kabla ya kuwapa vyura unavitikisa kwenye unga wa kalsiamu na vitamini, kama mtu anayepaka samaki unga kabla ya kukaanga. Bila huo unga mifupa ya chura inalegea.

Kelele? Dume la aina hii linaimba, tena lina sauti kali kama ndege. Lakini ni vyura wa mchana, taa ikizimwa wanalala. Basi tukafunga swichi ya saa, taa iwake saa nne asubuhi na kuzimika saa nne usiku. Mpwa wangu akirudi kutoka zamu alfajiri anapata usingizi wake wa kwanza kwa amani.

Na ile sumu? Ni kweli vyura wa jamii hii porini wana sumu kwenye ngozi. Lakini sumu hiyo wanaipata kutokana na chakula, hasa sisimizi na utitiri wa msituni. Waliozaliwa kwenye kioo na kulishwa vijinzi hawana. Tatizo la kweli ni jingine, vijidudu vya salmonela. Ngozi ya chura yeyote inaweza kuvibeba, na ndiyo maana madaktari wa huko wanashauri mtoto wa chini ya miaka mitano asiguse vyura kabisa. Kwa hiyo meza juu, mlango una kufuli, vyombo vya vyura havioshwi kwenye sinki la jikoni, na anayeingiza mkono humo ananawa kabla na baada. Mke alilibandika hilo kwenye friji kwa maandishi makubwa.

SIKU TULIYOKUTANA NA WA KWETU

Katikati ya kungoja, Jumapili moja tulitoka wote watatu kwenda kwenye bustani ya wanyama ya Toledo. Mke alikubali kwa sababu ndani kuna joto. Tukafika mbele ya kioo kimoja, ndani kuna majani mabichi na ukungu wa maji, na vyura wadogo wa rangi ya haradali, mdogo mdogo kama ukucha. Mke akainama kusoma kibao, akasimama ghafla. "Mjomba, Tanzania! Hawa ni wa Kihansi!"

Yeye ni mtu wa Mlimba, Kilombero. Korongo la Kihansi si mbali na kwao, na umeme wake anaujua. Hakujua kwamba vyura wake wako Ohio.

Kwa wasioijua habari hii, chura wa Kihansi aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1996, katika milima ya Udzungwa. Dunia nzima alikuwa anaishi sehemu moja tu, eneo lisilozidi viwanja viwili vitatu vya mpira, linaloloweshwa na rasharasha ya maporomoko ya maji. Hatagi mayai kama wengine, anazaa watoto waliokamilika. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikageuziwa kwenye mitambo, na rasharasha ikakatika. Serikali ikafunga mabomba ya kunyunyizia, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani. Ikawa vizuri, maana kule korongoni ugonjwa wa ukungu wa ngozi uligunduliwa mwaka 2003, na kwa haraka sana wakaisha. Mwaka 2009 wakatangazwa kwamba porini hawapo tena.

Sasa sikiliza sehemu inayotuhusu. Wale 499, pamoja na wataalamu, madaktari na hela za Marekani, kufikia mwisho wa mwaka 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70! Ndani ya kioo. Mpaka walipojua barabara ni mwanga gani, chakula gani na unyevu kiasi gani wanaohitaji, ndipo wakaanza kuzaliana. Mwaka 2010, vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Mke alisimama pale muda mrefu, mkono tumboni. Kisha akasema, "Hawa walipata viza kabla yangu." Tukacheka. Tukiwa kwenye basi akamgeukia mumewe. "Kama wa kwetu walipewa chumba huku, na hao wako wakae. Ila masharti yangu yako pale pale."

Na yalibaki pale pale. Vyura walihamia kona ya viatu mwanzoni mwa Machi, kitanda cha mtoto kikaegemea ule ukuta, na mtoto wa kiume akazaliwa wiki mbili baadaye. Siku hizi anakwenda shule. Chura mmoja alikufa mwaka 2021, wawili bado wanaimba saa nne asubuhi.

NA WEWE WA SINZA JE?

Usikimbilie bondeni na ndoo! Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa mtu anayekamata wanyamapori. Na chura wa Venezuela ndani ya chumba chako chenye bati, mwezi wa pili, nyuzi 33, hamalizi wiki. Vyura wa hapa kwetu tunao bure, nje, ilimradi tusimwage oili chafu mtaroni.

Lakini bustani yenyewe waweza kuitengeneza bila chura. Tafuta lile chupa kubwa la kioo la kuwekea pipi dukani. Tia kokoto chini, mkaa juu yake, kipande cha wavu, udongo wa msituni au makumbi ya nazi, panda kijani kidogo kinachopenda kivuli, nyunyiza maji kidogo, funga. Weka mbali na jua. Kioo kikitoa jasho asubuhi na kukauka mchana, umepatia. Kikilowa kutwa nzima, fungua kifuniko kidogo.

Ukiweza kuiweka hai miezi sita bila kuinukisha wala kuikausha, utakuwa umejua kitu ambacho wataalamu wenye hela walihitaji miaka kukijua. Na ukipita Mlimani pale chuoni, kumbuka kwamba kuna wenyeji wa Kihansi waliorudi nyumbani kwa kupitia ndani ya kioo.

Haya, wiki ijayo tukijaliwa tutazungumzia mama wakwe na friji za kushirikiana. Kaa mkao wa kula!